Masta ya Fizikia kwa Kozi na Tasnifu: Mwongozo Kamili, Kuanzia Kibali cha Mwajiri hadi Tasnifu Iliyojalidiwa

Maswali yanayonifikia kuhusu masta ya fizikia yana sura mbili. La kwanza ni la mwalimu wa sekondari aliyepata udahili, akaaga shuleni, akafika chuoni na kusapu (kufeli na kurudia mtihani) kozi mbili muhula wa kwanza tu. La pili ni la mwanafunzi aliyepita kozi zote vizuri, kisha akapotelea kwenye tasnifu na miaka ikaenda. Akili wanazo wote wawili. Kinachowaangusha ni mambo yaliyotakiwa kufanyika kabla chuo hakijafunguliwa, na ndiyo sababu sehemu hiyo nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine.

Nimeandika nikilenga zaidi mfumo wa Tanzania. Wasomaji wa Kenya na Uganda mtakuta tofauti ndogo ndogo za taratibu, lakini fizikia yenyewe ni ile ile.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Cheti cha shahada na transkripti halisi, pamoja na nakala zilizothibitishwa na wakili. Kama ulisoma nje ya Tanzania, tafuta mapema barua ya TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) ya kuitambua shahada yako.
- Cheti cha kuzaliwa na vyeti vya sekondari vyenye majina yanayofanana. Kama herufi moja imepishana, shughulikia hati ya kiapo sasa hivi, si wiki ya usajili.
- Walimu wawili wa chuo wanaokukumbuka kwa kazi uliyofanya, si kwa sura.
- Kama umeajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini.
- Kompyuta mpakato yenye Python (lugha ya kuandikia programu za hesabu) na LaTeX (ya kuchapia maandishi yenye milinganyo). Zote ni za bure na hazihitaji mashine ya bei mbaya.
- Pasti pepa za kozi za masta za idara unayoitaka. Waombe wanafunzi walio ndani. Hakuna karatasi itakayokuambia ukweli zaidi ya hizi.
- Daftari nene moja la kufanyia maswali tu. Noti zina daftari lake.

## Hatua ya 1: Soma jina la programu mpaka mwisho

Watu husikia "masta ya kosiweki" wakadhani ni kukaa darasani, kufanya mitihani na kuondoka. Ziko programu za namna hiyo, lakini kwenye fizikia nyingi za kwetu ni za kozi *na tasnifu*: unasoma kozi karibu mwaka mmoja, kisha unafanya utafiti, unaandika na unautetea. Aina ya tatu ni ya tasnifu tupu, ambayo haina madarasa ya kukubeba.

Chini ya mfumo wa TCU, shahada ya uzamili haipungui krediti 180, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 1,800. Fungua kitabu cha programu uone kati ya hizo 180 ngapi ni kozi na ngapi ni tasnifu. Kama tasnifu imechukua theluthi moja au zaidi, basi huwezi kuiacha mpaka kozi ziishe.

Angalia pia sifa za kuingia. Vyuo vingi vya Tanzania huanzia GPA ya 2.7 katika kipimo cha 5, yaani mwanzo wa daraja la pili la chini. Hicho ni kiwango cha kufunguliwa mlango tu. Hakisemi kama hisabati yako inatosha.

Ukiweza kumweleza mtu kwa sentensi mbili utasoma kozi ngapi, utaandika nini na nani atakusahihisha, songa mbele.

## Hatua ya 2: Jipime hisabati kabla hujalipa ada ya maombi

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, hasa walimu. Shahada ya sayansi na elimu inagawana nafasi kati ya fizikia, somo la pili na kozi za ualimu. Unatoka ukijua kufundisha kidato cha sita vizuri kabisa, lakini inawezekana hujawahi kugusa kozi ya pili ya umakanika wa kwanta, wala namba changamano zaidi ya utangulizi. Masta haitakusubiri uzisome. Mhadhiri anaingia wiki ya kwanza akichukulia kwamba unazo.

Kaa chini na karatasi tupu, simu ikiwa chumba kingine, ufanye haya:

1. Tafuta thamani aigeni na vekta aigeni za matriksi ya mbili kwa mbili, ueleze maana yake kwa mfumo wa springi mbili.
2. Onyesha kwamba integro ya e kwa kipeo cha hasi x mraba, kutoka hasi isiyo na kikomo hadi chanya isiyo na kikomo, ni kipeuo cha pili cha pai.
3. Tatua mlinganyo wa Laplace ndani ya tufe kwa kutenganisha vigeu.
4. Panua wimbi la mraba kwa mfululizo wa Fourier.
5. Andika Lagrangian (nishati ya mwendo toa nishati ya mkao) ya penduli rahisi na utoe mlinganyo wa mwendo wake.

Tuchukue hilo la tano kwa karibu, maana linaonyesha umbali kati ya shahada ya kwanza na masta. Penduli ya urefu l na tungamo m, iliyo kwenye pembe θ kutoka wima, ina Lagrangian L = ½ml²θ'² + mgl cos θ. Ukipitisha kwenye mlinganyo wa Euler na Lagrange unapata θ'' + (g/l) sin θ = 0. Kwa pembe ndogo, muda wa mzunguko ni 2π√(l/g). Uzi wa mita 1 unakupa takribani sekunde 2. Mpaka hapo ni kazi ya shahada ya kwanza.

Mtihani wa masta utakuambia: sehemu ilikofungwa penduli inatikiswa juu na chini kwa a cos ωt. Andika Lagrangian upya, toa mlinganyo, kisha ujadili lini penduli inaweza kusimama kichwa chini. Aliyekariri anakwama mstari wa kwanza. Aliyeelewa anaandika x = l sin θ na y = a cos ωt − l cos θ, anatafuta kasi, anafuta vipande visivyoathiri mwendo, na kufika kwenye θ'' + [(g − aω² cos ωt)/l] sin θ = 0. Halafu anafanya jambo ambalo wanafunzi wengi hawalifanyi: anaweka a = 0 na kuona kama ule mlinganyo wa zamani umerudi. Umerudi. Sasa ana haki ya kuendelea na sehemu ya pili ya swali.

Tabia hiyo ya kujikagua ina alama nyingi kuliko inavyoonekana. Angalia vipimo vya kila kipande, angalia hali za pembeni, ndipo uende swali lingine.

Ukifanya manne au matano bila kufungua kitabu, uko tayari. Ukifanya mawili au matatu, jipe miezi mitatu ya kujifua: mwezi wa kwanza aljebra ya mstari na milinganyo ya diferensia, wa pili namba changamano na Fourier, wa tatu umakanika wa Lagrange na kwanta ya awali. MIT OpenCourseWare, tovuti ya masomo ya chuo cha MIT cha Marekani, wameweka bure mihadhara pamoja na maswali ya nyumbani; kozi zenye namba 8.04 na 8.05 zinatosha kwa kwanta. Usiangalie video tu. Kutazama mtu akitatua hakukufundishi kutatua. Funga video, fanya swali, ndipo ulinganishe.

Ukifanya moja au hukufanya hata moja, ahirisha mwaka. Najua ushauri huu haupendwi. Lakini kudisko (kuondolewa chuoni kwa kufeli) ni ghali kuliko kuchelewa, na transkripti yenye alama mbovu ya masta itakufuata kwenye kila ombi la baadaye.

## Hatua ya 3: Chagua maabara na msimamizi, ndipo uchague chuo

Kozi za msingi zinafanana kila mahali: umakanika wa kale, sumakuumeme, kwanta, fizikia ya takwimu, mbinu za hisabati. Kinachotofautisha idara ni watu na mashine. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, kina mizizi mirefu kwenye fizikia ya mata na nishati ya jua, kazi za utando mwembamba na kadhalika. Anayetaka kosmolojia ya nadharia akienda mahali ambapo kila mtu anapima paneli, atapata kozi lakini atahangaika kupata msimamizi.

Fungua ukurasa wa idara, chukua majina ya wahadhiri, kisha utafute wamechapisha nini miaka mitatu iliyopita. Makala nyingi utazipata bure arXiv, hifadhi ya mtandaoni ya makala za sayansi. Mwandikie mmoja au wawili ujumbe mfupi: wewe ni nani, umesoma kazi yake ipi, una swali gani. Asipojibu baada ya wiki mbili, kumbushia mara moja, basi.

Swali la kumuuliza mwanafunzi aliye ndani ni hili: mashine ipi inafanya kazi *leo*? Kuna idara zenye kifaa cha miale ya eksi kwenye tovuti, na ukifika unakuta kimefunikwa shuka kikisubiri kipuri.

Kwa wanaotazama nje ya nchi, njia zinazostahili muda wako ni hizi:

Kigali. Taasisi ya EAIFR, iliyo ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda na mshirika wa ICTP (kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia), inatoa masta ya fizikia kwa vijana wa Afrika. Masomo ni kwa Kiingereza, kwa hiyo ndugu zetu wa Bujumbura na Bukavu wajipange na lugha mapema. Kigali pia kuna AIMS Rwanda, tawi la Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati; masta yao ni ya sayansi za hisabati, inafadhiliwa, na ni daraja zuri kwa mwenye mwelekeo wa nadharia.

Trieste, Italia. ICTP ina Diploma ya Uzamili ya mwaka mmoja. Hakuna ada, na unapewa posho ya kujikimu. Si masta, ila kwa aliyekwama kwenye hisabati ndiyo njia bora ninayoijua ya kuziba pengo kabla ya kuendelea. Hapo hapo Trieste kuna masta ya fizikia ya tiba ya miaka miwili: mwaka wa kwanza darasani, wa pili hospitalini.

Ujerumani. Masta ni krediti 120 za Ulaya kwa miaka miwili. Kwa kawaida mwaka wa kwanza ni kozi na wa pili ni utafiti. Vyuo vya umma katika majimbo mengi havitozi ada ya masomo; Baden-Württemberg inawatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Watu wanasikia "bure" wakasahau viza: mwaka 2024 kiasi cha kuonyesha kwenye akaunti iliyozuiliwa (ambayo pesa zake unazitoa kwa mafungu ya kila mwezi) kilipandishwa hadi euro 11,904 kwa mwaka. Bila ufadhili au ndugu mwenye uwezo, hiyo ndiyo kamba inayokata.

Uingereza. Mwaka mmoja tu, krediti 180, kasi kubwa. Bila ufadhili, usithubutu.

Marekani. Huko masta ya fizikia peke yake mara nyingi haina ufadhili. Wengi huomba PhD moja kwa moja baada ya shahada ya kwanza, wakalipwa kwa kufundisha maabara. Kama lengo lako ni PhD, fikiria njia hiyo.

Wanawake wanaoelekea kwenye fizikia ya nyuklia au mionzi watazame ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa IAEA, shirika la kimataifa la nishati ya atomiki, ambao umekuwapo tangu 2020 na umelenga masta.

## Hatua ya 4: Kibali na pesa

Mwalimu wa serikali, usiondoke bila kibali cha maandishi. Ruhusa ya mdomo ya mkuu wa shule haina uzito wowote siku ya uhakiki. Barua yako inapitia kwa mkuu wa shule hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri, na inaweza kukaa njiani miezi kadhaa. Ianzishe hata kabla ya udahili kwa kuomba uingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri. Aliyeondoka bila kibali anahesabiwa mtoro kazini. Mshahara unasimama, na baada ya hapo ni mashauri ya nidhamu.

Kwenye pesa, andika bajeti ya programu nzima pamoja na miezi sita ya ziada. Watu hupigia hesabu ada na chumba, wakasahau gharama za utafiti: sampuli, kemikali, nauli ya kwenda kupima kwenye maabara ya taasisi nyingine, uchapaji na ujalidi. Mikopo ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imelenga zaidi shahada ya kwanza, usiiweke kwenye hesabu zako mpaka uione kwa macho.

Onyo. ICTP na AIMS hawatozi ada ya kuomba. Mtu yeyote anayekutaka umtumie pesa kwa simu ili "akusogezee faili", mzuie namba.

Hatua hii imekamilika pale karatasi mbili zinapokuwa mkononi: kibali chenye muhuri, na bajeti ambayo mwenzi wako ameisoma akaikubali.

## Hatua ya 5: Maombi

Sehemu ya fomu ni ya kufuata maelekezo, sitakaa hapo. Viwili ndivyo vinavyobeba ombi.

Cha kwanza ni barua za mapendekezo. Mpe mhadhiri wako wiki nne, umtumie transkripti, jina la programu, tarehe ya mwisho, na aya moja ya kumkumbusha ulichofanya kwenye somo lake. Mhadhiri aliyefundisha mamia ya wanafunzi hakumbuki. Akiandika barua ya jumla, imekuangusha bila yeye kukusudia.

Cha pili ni maelezo ya nia. Yanayoanza na "tangu utotoni nimevutiwa na maajabu ya ulimwengu" yamejaa kwenye kila rundo. Linganisha na hili: "Kwenye mradi wa mwaka wa tatu nilipima jinsi volteji ya paneli ya wati 50 inavyoshuka joto likipanda. Vipimo vyangu vya mchana vilipishana na nadharia na sikuweza kueleza kwa nini. Nataka kozi ya fizikia ya mata mango inipe zana za kulijibu hilo." Msomaji wa kamati ameshajua umepima nini, umekwama wapi na unakuja kutafuta nini. Ukurasa mmoja unatosha.

Kuhusu mtihani wa Kiingereza, uliza kwanza. Vyuo vingi vya nje hukubali barua ya chuo chako inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza, na hapo unaokoa pesa nyingi.

## Hatua ya 6: Muhula wa kwanza

Kwenye shahada ya kwanza C ilikuwa inakuvusha. Kwenye masta, vyuo vingi vya Tanzania vinadai B. Kenya kiwango cha kupita ni kawaida asilimia 50 badala ya 40. Nafasi ya kuteleza imepungua, na mitihani imekuwa migumu zaidi.

Piga hesabu hii. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Ukizigawa kwa wiki 15 ni saa 8 kwa wiki, darasa likiwemo. Kozi nne ni saa 32. Anayefundisha tuisheni kila jioni na wikiendi nzima hizo saa hana. Punguza vipindi mapema kuliko kupunguziwa na matokeo.

Fanya kila swali la nyumbani mwenyewe kwanza, hata ukifika nusu, ndipo muingie kwenye kikundi. Kikundi cha watu watatu au wanne kinatosha. Kikizidi hapo, wawili wanatatua na wengine wanapiga picha ubao. Kaeni mkiwa na sheria moja: anayesema ameelewa anashika chaki.

Msuli wa usiku wa kuamkia mtihani uliokusaidia shahada ya kwanza hautafanya kazi kwenye sumakuumeme. Swali moja linaweza kula kurasa tano, na mkono unaotetemeka kwa usingizi hupoteza alama ya kutoa (−) mahali fulani kwenye ukurasa wa pili.

Baada ya jaribio la kwanza, chukua karatasi yako na uende kwa mhadhiri na swali mahususi: "Hapa nilipotumia sharti la mpaka, kwa nini halishiki?" Usiende kuomba alama. Wahadhiri wa fizikia ni wakali kwa omba omba na wapole ajabu kwa mwenye swali.

Dalili kwamba uko sawa: kufikia wiki ya sita unaweza kuchukua pasti pepa usiyoiona kabla, ukajua angalau pa kuanzia kila swali. Kama sivyo, mwone mshauri wako wiki hiyo hiyo, wakati bado dirisha la kubadilisha kozi ya hiari au kuahirisha halijafungwa.

## Hatua ya 7: Tasnifu ianze ukiwa bado darasani

Muhula wa kwanza, chagua eneo na msimamizi. Likizo, soma makala kumi kwa makini, si hamsini kwa juu juu, na uziweke kwenye Zotero, programu ya kupangia marejeo. Muhula wa pili, andika pendekezo. Mitihani ikiisha, wenzako wanaanza kutafuta mada na wewe unaanza kupima.

Mada nzuri ya masta ni ndogo. "Matumizi ya nishati ya jua Tanzania" ni mada ya wizara. "Athari ya joto la kupasha kwenye sifa za mwanga za utando wa oksidi ya zinki" ni mada ya mwanafunzi mmoja mwenye mwaka mmoja.

Iweke mada yako mbali na mashine ambayo ikiharibika utakaa bure. Kila mpango wa maabara uwe na mpango wa kompyuta pembeni. Quantum ESPRESSO ni programu ya wazi ya kukokotoa sifa za mata; NASA POWER inatoa bure takwimu za mionzi ya jua na hali ya hewa kwa nukta yoyote ya ramani. Nimeona tasnifu zikiokolewa na data za bure baada ya kifaa kuzima.

Mwandikie msimamizi ukurasa mmoja kila wiki mbili: nimefanya hiki, nimepata grafu hii, nimekwama hapa. Hata asipojibu, mtumie. Msimamizi mwenye wanafunzi wengi humhudumia anayeonekana, na kumbukumbu hizo zitakusaidia siku mkipishana kuhusu nani alisema nini.

Anza kuandika sura ya mbinu siku ile ile unayopima. Ukisubiri, utasahau kasi ya pampu, muda wa kupasha, namba ya sampuli, na mtahini wa nje atauliza hivyo hivyo. Hifadhi nakala sehemu tatu: kompyuta, flashi na mtandaoni.

Kwenye utetezi, maswali ya kwanza huwa mepesi na ya makusudi: eleza mhimili huu, kwa nini kuna kosa la kipimo hapa, ungepata nini kama ungeongeza joto maradufu. Jiandae kwa hayo kuliko kwa maswali makubwa. Usipojua, sema hujui kisha ueleze ungefanyaje kujua.

Utaondoka na orodha ya masahihisho. Ifanye ndani ya wiki mbili, kabla hujarudi kituo cha kazi, maana ukishapokea ratiba ya vipindi na usimamizi wa bweni, miezi sita inapita bila kugusa faili. Tengeneza jedwali lenye safu tatu: alichosema mtahini, ulichobadilisha, ukurasa. Msimamizi asaini. Kabla ya kupeleka kujalidiwa, hakikisha jina kwenye jalada linafanana herufi kwa herufi na la usajili, omba risiti ya maktaba unapokabidhi nakala, na upeleke risiti hiyo pamoja na fomu ya kumalizana na chuo siku hiyo hiyo.